Tuipime Anga Yetu Kabla ya Kuletewa Hesabu

Mtu wa Kericho au Bomet hana haja ya kuthibitishiwa kwamba binadamu anaweza kupanda angani akayachokoa mawingu. Hapa kwetu jambo hilo limefanyika, mchana kweupe, wazee wakitazama. Miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai yalikuwa yamechoshwa na hasara ya mvua ya mawe, na dawa ya kwanza kuletwa ilikuwa maroketi ya kulipuka. Yalifyatuliwa kutoka ardhini yapasukie ndani ya wingu, kwa matumaini kwamba barafu itavunjika kabla haijafika kwenye majani mawili na chipukizi. H. W. Sansom wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki alichapisha mwaka 1968 taarifa ya jaribio hilo lililochukua miaka minne. Baada ya maroketi zikaja ndege. Kampuni ya Kimarekani ya Atmospherics Incorporated, iliyokuwa ya Thomas Henderson wa Fresno, California, ilizirusha kuyafuata mawingu ya alasiri na kuyatia moshi wa iodaidi ya fedha.

Nayataja haya kwa sababu mjadala wa ndege na mawingu umerudi, na safari hii umekuja kwa mlango mwingine. Sasa wanaohojiwa si marubani wa kukinga chai. Ni ndege za abiria, zile zinazopita juu sana zikiacha michirizi myeupe nyuma yake. Ulaya imeshatunga kanuni za kuihesabu michirizi hiyo, na siku si nyingi hesabu hizo zitazigusa ndege zinazotoka Nairobi. Mimi nimekula mshahara wa kutazama mawingu hadi nikastaafu, na sasa nalima chai kidogo upande wa Konoin. Nina neno moja tu la kusema: anga ya ikweta haijapimwa vya kutosha, na Kenya isikubali kusomewa hesabu iliyopigwa kwa anga ya watu wengine.

Turudi kwanza kwenye mvua ya mawe, maana ndiyo shule tuliyopitia.

Vitabu vya rekodi za hali ya hewa huitaja Kericho kwa siku 132 za mvua ya mawe ndani ya mwaka mmoja. Sababu zake ni za ardhi na maji. Ikifika adhuhuri, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mteremko kuja kwetu. Kutoka upande wa pili pepo za mashariki zinavuka Bonde la Ufa na ukingo wa Mau. Zikikutana, hewa haina pa kwenda isipokuwa juu, na inakwenda kwa kasi. Juu huko, kati ya mita 4,500 na 5,000 kutoka usawa wa bahari, maji huanza kufika penye baridi ya kuganda. Mashamba yetu yako mita 2,000 na ushei. Kwa hiyo punje ya barafu ikishaiva ina safari fupi ya kuanguka, na haipati muda wa kuyeyuka. Mkulima wa Bonde la Nyando anapata mvua ya kawaida kutoka wingu lile lile linalotuchanachana sisi.

Lakini maji ndani ya wingu ni mkaidi. Yanaweza kupoa hadi nyuzi 10 au 20 chini ya sufuri na bado yakabaki maji, kwa kukosa kitu cha kuyashika yagande. Yanahitaji chembe fulani, vumbi la umbo linalofaa. Hiyo ndiyo kazi ya iodaidi ya fedha. Wazo lilikuwa kwamba ukiyapa maji chembe nyingi kwa wakati mmoja, yatagawana, na badala ya mawe machache makubwa utapata mengi madogo yatakayoyeyuka njiani. Wazo zuri. Je, lilifanya kazi? Hapo ndipo penye fundisho. Ili ujue, ungelazimika kupiga kura: wingu hili litiwe moshi, lile liachwe, kisha ulinganishe, miaka na miaka, kwa sababu mvua ya mawe ya asili yenyewe hupanda na kushuka sana kutoka msimu hadi msimu. Mwenye shamba anayelipia ndege kukinga majani yake hawezi kukubali wingu lolote liachwe kwa ajili ya hesabu. Wingu halina pacha. Ukishalitia moshi, huna namna ya kujua lingefanya nini lisingetiwa.

Na kuna jambo lililonifurahisha zaidi ya maroketi yote. Mwaka 1982 Russell Schnell, mtafiti aliyewahi pia kukiongoza kituo cha anga cha Mauna Loa kule Hawaii, alichapisha pamoja na Tan-Schnell katika jarida la Tellus makala fupi kuhusu majani makavu yanayorundikana chini ya michai ya Kenya. Waliyapima wakaona kwamba vumbi lake lina uwezo wa kugandisha maji katika baridi ndogo tu, nyuzi chache chini ya sufuri. Kwa maneno mengine, yawezekana mchumaji anayepita kati ya mistari akiyakanyaga majani hayo anatimua mbegu za mvua ya mawe itakayomrudia alasiri. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Watu walivuka bahari kuja kutia mbegu kwenye mawingu, kumbe chai yenyewe inazitia bila malipo.

Basi nikisikia leo kwamba masizi ya injini za ndege yanazaa mawingu, sishangai. Ni kanuni ile ile, mahali pengine pa anga.

Juzi kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka Litein alinionyesha mchirizi uliokuwa ukikata mbingu kuelekea kaskazini. "Mzee," akaniambia, "hizo ndizo zinatunyunyizia dawa mvua isinyeshe." Nilimuuliza amelitoa wapi. Akasema kwa simu, na kwamba hata babu yake alikuwa akisimulia ndege za mawingu.

Sikumcheka, na sipendi wasomi wanaowacheka vijana wa namna yake. Babu yake hakusema uongo. Tatizo ni kwamba simulizi ya kweli ya miaka hamsini iliyopita imechanganywa na uvumi wa simu wa jana. Nilimweleza, tuliposimama penye kivuli, kwamba ndege za mvua ya mawe zililazimika kulikaribia wingu lenyewe, penye maji. Hii anayoiona iko kilomita 11 juu, imebeba abiria na mizigo yao, na mkia wake ni maji yaliyoganda. Kila kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo moja na robo ya mvuke wa maji. Mvuke huo ukitoka kwenye injini ukakutana na baridi kali, unayashika masizi yaliyotoka nao, unaganda juu yake, na matokeo yake ni mstari mweupe wa chembe za barafu. "Kwa hivyo si dawa?" Si dawa. "Na kwa nini ile nyingine haina mkia?" akaniuliza, akionyesha ndege ndogo iliyokuwa inaelekea Kisumu. Swali lake lilikuwa bora kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wakubwa ofisini.

Jibu lake ni la zamani. Mjerumani Ernst Schmidt alilieleza mwaka 1941, na Mmarekani Herbert Appleman akalikamilisha mwaka 1953, enzi ambazo jeshi lilitaka kujua ndege zake zitaonekana kutoka mbali au la. Mchirizi hutokea hewa ikiwa na baridi ya kutosha, kwa kawaida karibu nyuzi 40 chini ya sufuri au zaidi. Ndege ya Nairobi hadi Kisumu haipandi kufika huko. Hilo ni sharti la kuzaliwa. La kuishi ni jingine: hewa ile iwe imejaa unyevu kupita kiasi ambacho barafu inahitaji. Hewa ikiwa kavu, mkia unafutika ndani ya dakika moja au mbili. Ikiwa na unyevu, mkia unabaki, unanenepa, unatawanywa na upepo hadi usiweze kuutofautisha na mawingu ya sirasi ya kawaida.

Sisi waangalizi tunalo hata jina rasmi la kuuandika. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipotoa upya atlasi yake ya mawingu, liliamua kwamba mchirizi wa ndege uliodumu angalau dakika 10 uandikwe kama sirasi iliyotokana na binadamu. Dakika 10 ni muda unaoweza kusimama uwanjani na saa mkononi. Kwa mtu wa kazi yangu hicho ni kipimo cha heshima kabisa, na hakihitaji umeme.

Sasa nije kwenye kiini cha malalamiko yangu. Sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua kuhusu michirizi imetoka juu ya Ulaya, Marekani na bahari iliyo kati yake. Kule, wakati wa baridi, ndege ikiwa kilomita 10 juu imo ndani ya nyuzi 50 na kitu chini ya sufuri. Mkia hauna budi kutokea. Kwetu ikweta mambo yamepinduka. Joto la ardhini linasukuma baridi ile kwenda juu zaidi. Katika jedwali la kawaida la anga ya tropiki, kilomita 10 juu ni takriban nyuzi 36 chini ya sufuri, na kilomita 12 inakaribia nyuzi 50. Maana yake ni kwamba ndege zinazopita juu ya Kericho ziko mpakani hasa. Nimeona asubuhi ya Januari, mbingu zikiwa safi baada ya baridi ya usiku, ndege mbili zikifuatana njia moja, ya juu ina mkia mrefu na ya chini haina kitu kabisa. Tofauti yao ni futi elfu chache za kimo.

Mahali kama hapo, mpakani, kosa dogo la makadirio linageuza jibu lote. Kielelezo cha kompyuta kikikosea nyuzi mbili za baridi juu ya Ujerumani mwezi Februari, bado kitasema pana mkia, na kitakuwa sahihi. Kikikosea nyuzi hizo hizo mbili juu ya Mau, kitaandika mkia ambao haukuwapo, au kitausahau uliokuwapo. Na kosa la baridi ni dogo likilinganishwa na kosa la unyevu, kwa maana kupima unyevu katika hewa ya nyuzi 50 chini ya sufuri ni kazi inayozishinda ala nyingi. Puto la hali ya hewa linalorushwa Dagoretti, Nairobi, linafanya kazi ya kusifiwa, na tangu mwaka 1998 Nairobi imekuwa ikirusha pia maputo ya kupima ozoni katika mtandao wa vituo vya tropiki. Lakini tazama ramani: kutoka Dagoretti mpaka kituo kingine cha maputo ni mwendo wa mamia ya kilomita kila upande. Ulaya ina vituo kila pembe, na zaidi ya hapo tangu mwaka 1994 baadhi ya ndege zake za abiria zimebeba vipimo vya anga zikiwa safarini. Huko hesabu ina pa kuegemea.

Kwa nini mtu yeyote ajali? Kwa sababu ya joto. Mkulima wa chai analijua jambo hili mwilini mwake hata kama hajawahi kulisoma. Sakitu huja usiku wa mbingu wazi. Januari 2012, baridi ilipoiunguza chai Kericho na Nandi mpaka mashamba yakawa rangi ya tumbaku, ilikuwa ni usiku mkavu usio na wingu, ardhi ikipoteza joto lake lote kwenda juu. Kukiwa na wingu, joto linazuiwa. Sirasi ya ndege inafanya kazi hiyo hiyo, kwa udogo wake. Mchana inarudisha juu sehemu ya mwanga wa jua, hivyo inapoza kidogo na kuzuia joto kidogo. Usiku haina cha kupoza, inazuia tu. Na ndege nyingi za kwenda Ulaya huondoka Nairobi usiku.

Mwaka 2020 David Lee wa Chuo Kikuu cha Manchester Metropolitan na wenzake walitoa hesabu inayonukuliwa kuliko zote. Waliona kwamba mawingu yatokanayo na michirizi huenda yanaongeza joto kwa miliwati 57 kwa kila mita ya mraba ya dunia, huku kaboni yote ambayo ndege zimemwaga tangu mwanzo ikiongeza miliwati 34. Mtu akisoma hapo na kufunga gazeti, ataruka juu. Asome mstari unaofuata: miliwati hizo 57 zinaweza kuwa 17, zinaweza kuwa 98. Wao wenyewe wameandika hivyo, bila kuficha. Na kaboni inakaa hewani karne nyingi, mchirizi unakaa saa chache, kwa hiyo kuviweka kwenye mzani mmoja kunahitaji uangalifu.

Kuna kisa kingine kinachopendwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndege za abiria hazikuruka Marekani kwa siku tatu. Watafiti wakiongozwa na David Travis waliandika mwaka uliofuata katika jarida la Nature kwamba tofauti kati ya joto la mchana na baridi ya usiku iliongezeka siku hizo, na wakaitaja michirizi iliyokosekana kuwa sababu. Kisa kitamu. Baadaye wengine wakapitia upya takwimu wakasema hali ya hewa ya siku zile, hasa mawingu ya chini, ilitosha kueleza yote. Mimi nawaamini hawa wa pili, maana siku tatu ni chache mno. Hata karani wa kituo cha majani hawezi kukuambia mavuno ya mwaka kwa kupima magunia ya siku tatu.

Kenya yenyewe ilipewa muda mrefu kuliko huo. Kuanzia Machi 25, 2020 safari za abiria za kimataifa zilisimamishwa kwa sababu ya korona, hadi Agosti 1. Miezi minne na zaidi anga ikiwa karibu tupu. Vituo vyetu vya kilimo vina kile chombo cha zamani cha kioo cha duara kinachounguza kadi kufuata jua. Sirasi ikipita, alama ya moto hufifia au kukatika. Kadi za miezi ile, zikilinganishwa na za miaka ya kabla na ya baada, ni kazi nzuri ya shahada ya uzamili kwa mwanafunzi yeyote mwenye subira. Msimu wa masika utamsumbua kwa mawingu ya chini, lakini Juni na Julai asubuhi zina nafasi.

Sasa kanuni. Tangu Januari 1, 2025 Umoja wa Ulaya umeyataka mashirika ya ndege yapime na kuripoti athari zisizo za kaboni, michirizi ikiwa mbele, kwanza kwa safari za ndani ya Ulaya. Mpango ulikuwa kuzijumlisha kuanzia mwaka 2027 zile zinazotoka au kuingia Ulaya kutoka nje. Bado si ushuru. Ni kuandika tu. Lakini nimeishi muda wa kutosha kujua kinachofuata baada ya serikali yoyote kuanza kuandika. Na shirika lisilo na takwimu zake lenyewe hujaziwa makadirio, yaliyowekwa makusudi yaegemee upande wa juu ili kumshawishi mwenyewe alete za kwake.

Sina ugomvi na Ulaya kwa kutaka kupima. Ningekuwa mnafiki, mimi niliyepima maisha yangu yote. Wenzetu hao wanajua pia kwamba tatizo si la kila ndege. Utafiti uliofanywa kwa anga ya Japani na kuchapishwa mwaka 2020 uliona kwamba takriban asilimia 2 tu ya safari ndizo zilizosababisha asilimia 80 ya joto la michirizi. Mwaka 2023 shirika la American Airlines lilishirikiana na Google katika safari 70 za majaribio; marubani walioelekezwa kuepuka tabaka zenye unyevu walipunguza urefu wa michirizi kwa asilimia 54, kwa gharama ya asilimia 2 hivi ya mafuta zaidi kwa safari zilizobadilishwa. Hiyo ni habari njema kweli. Lakini ili umwambie rubani ashuke futi elfu mbili juu ya Turkana, lazima ujue tabaka lenye unyevu liko wapi juu ya Turkana usiku ule. Ukikosea, umemchomesha mafuta bure na huenda umempeleka kwenye mkia alioukimbia.

Hata mafuta yenyewe yana hadithi hapa. Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta yatokanayo na vitu vya kilimo na taka, yaliyotengenezwa na kampuni ya Eni, ambayo ina kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta Makueni. Sifa zilizotangazwa siku ile zilikuwa za kaboni. Ajabu ni kwamba mafuta ya aina hiyo yana faida nyingine: masizi yake ni machache. Ndege ya utafiti ya NASA aina ya DC-8 iliwahi kuifuata nyuma ndege nyingine angani Ujerumani ikapima, na kwa mafuta yaliyochanganywa hivyo chembe za barafu zilipungua kwa nusu hadi asilimia 70. Mbegu zikipungua, mavuno ya barafu nayo hupungua. Mtu wa Kericho hahitaji mkalimani kwa hilo. Kenya Airways ingeweza kuidai faida hiyo katika hesabu zake, kama kungekuwa na yeyote aliyepima mikia yake juu ya nchi hii.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka vitu vya bei ya kawaida. Kamera za anga zenye lenzi pana, zikae penye mbingu wazi: moja Timbilil kwenye taasisi ya utafiti wa chai, moja Chuo Kikuu cha Kabianga, nyingine chache hadi Lodwar. Kila kamera iwe na kipokezi cha redio kinachosoma namba na kimo cha kila ndege inayopita; vipokezi hivyo vinatumiwa na wapenzi wa ndege majumbani mwao. Ukiwa na picha na kimo kwa pamoja unajua ni ndege ipi imeacha mkia, kwa futi ngapi, na umeishi dakika ngapi. Usiku kamera zitapofuka, hapo setilaiti za Meteosat zitusaidie. Zinaitazama Afrika kila dakika 15 au chini ya hapo, zinaona joto gizani, na Idara ya Hali ya Hewa huzipokea picha zake tayari. Na puto la Dagoretti lipate mwenzake huku magharibi, lenye kipimo cha unyevu kinachostahimili baridi.

Pesa? Kila ndege inayokatiza anga ya Kenya bila kutua inalipa ada kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Kwa nini sehemu ndogo ya ada hiyo isilipie kuijua anga inayotozwa? Tunatoza njia tusiyoikagua.

Jirani yangu, mama mwenye michai mingi kuniliko, alinisikiliza nikimweleza haya tukisubiri lori la majani. Akaniuliza kama kamera hizo zitaongeza bonasi. Nikamwambia hapana. Akauliza kama zitazuia mvua ya mawe. Hapana vile vile. Mikia ile haihusiani na mawingu yetu ya mawe. "Basi hela zisitoke kwenye kilo zangu," akasema, na hapo tulikubaliana mia kwa mia. Mkulima ameshakatwa vya kutosha kwenye karatasi ya malipo. Anayepita juu ndiye alipe.

Sharti langu la mwisho ni la mtu wa daftari. Zikija kamera, takwimu zote ziwekwe hadharani, za siku zenye mikia na za siku zisizo nayo. Ndege iliyopita bila kuacha kitu iandikwe pamoja na kimo chake, kwa uangalifu ule ule. Hilo ndilo lililokosekana katika mawingu yaliyotiwa moshi zamani: mawingu yaliyoachwa, yakaandikwa. Kuanza hakuhitaji hata kungoja kamera. Mwangalizi wa kituo hutoka saa tatu asubuhi kila siku kutazama mawingu na kuyaandika. Idara ingemwongezea safu moja kwenye daftari, na dakika 10 za saa ya mkononi.